Kabla hamjauza kompyuta za zamani kwa kilo, muulizeni fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Barua yangu ni ndefu kidogo, nivumilie, maana hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana na sijaona mtu analisema.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, nipo kwenye hii kazi zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi kazi nyingi ni laptop na printa kama mafundi wenzangu wote, ila nina wateja wachache, hawafiki kumi, ambao bado wanatumia zile kompyuta za zamani za kazi nzito, wekisteshini, za Sun Microsystems, za Silicon Graphics ambazo wengi tunaziita SGI, na mmoja anayo ya kampuni ya Digital. Wala sio kwamba wanapenda mambo ya kale. Wanazitumia kwa sababu nyuma yake kuna mashine nyingine kubwa imeunganishwa, ya maabara au ya kiwandani, na hiyo mashine ilinunuliwa pamoja na kompyuta yake, programu yake na kadi yake, sasa ukisema ubadilishe kompyuta ina maana unabadilisha kila kitu na hela hiyo haipo. Mashine yenyewe nzima kabisa, inaweza kupiga kazi miaka mingine kumi, kinachokwamisha ni kitu kidogo tu ndani ya kompyuta na hicho kitu kidogo, ukikitaka orijino, hakuna duka utakalolikuta nalo.

Mwaka jana mwezi wa tatu nikapigiwa simu na dada mmoja wa maabara kwenye taasisi fulani, naomba nisiitaje. Shikamoo fundi, ile kompyuta imegoma. Marahaba, imegomaje, haiwaki kabisa au inawaka halafu inakwama? Akasema inawaka lakini inaandika maandishi meusi kwenye skrini nyeupe halafu inatulia hapo hapo. Nikajua. Nilivyofika nikakuta ni SPARCstation 5 ya Sun, lile boksi bapa, ni kompyuta ya mwaka 1994 na kuendelea, na pale kwenye skrini inalalamika kwamba yaliyomo kwenye IDPROM, yaani kumbukumbu ya utambulisho wa mashine, si halali, na anwani ya Etheneti, ile namba yake ya mtandao, imekuwa ff ff ff mpaka mwisho.

Kwa wasiojua, ndani ya hizi Sun kuna chipu moja nyeusi nene kuliko nyingine, kwenye SPARCstation 5 ni M48T08, ina pini 28, na ndani yake mle mle imezikwa betri ya lithiamu, imefunikwa na gundi ngumu ya epoksi, yaani huwezi kubadilisha betri kama unavyobadilisha ya saa. Hiyo chipu ndio inashika saa ya mashine na ndio inashika namba ya utambulisho wa mashine. Betri ilikusudiwa kukaa kama miaka 10 hivi, ikifa mashine inasahau inaitwa nani. Na programu nyingi za zile enzi leseni zake zilifungwa kwenye hiyo namba, kwa hiyo hata ukiilazimisha kompyuta iwake, programu ya maabara inakwambia hii sio mashine niliyoruhusiwa kufanyia kazi. Ndivyo ilivyokuwa pale.

Bahati ni kwamba chipu hii ilishabadilishwa mara moja zamani, na fundi aliyenitangulia, simjui lakini Mungu ambariki, alibandua ile stika ndogo yenye tarakimu kutoka kwenye chipu ya kwanza akaibandika kwenye ya pili. Bila ile stika sijui tungeanzia wapi.

Basi nikaagiza chipu nje. Hapa Dar nilizunguka siku nne, hakuna, na sikushangaa. Muuzaji wa huko nje aliandika kabisa mpya, orijino, haijatumika, taasisi ikalipa, tukasubiri karibu wiki tatu. Ilivyofika nikaifungua pale pale mezani kwangu chini ya taa, na moyo ukaanza kusita. Maandishi yalikuwa meupe mno, yamekaa juu juu. Namba ya tarehe ya kutengenezwa, zile tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki, zilikuwa zinasema ni chipu ya miaka ya karibuni, lakini miguu yake ilikuwa na mabaki ya risasi ya kulehemu, tena risasi iliyokwisha pauka. Chipu mpya haijawahi kulehemiwa popote, hiyo risasi imetoka wapi? Nikachukua pamba nikaweka asetoni, ile ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikapitisha juu mara mbili, pamba ikawa nyeusi na chini yake yakaanza kuonekana maandishi mengine yamefifia. Ilikuwa imetolewa kwenye mashine ya zamani, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi, ikaandikwa upya. Nikaiweka hivyo hivyo kwenye mashine nihakikishe, nikaweka saa na tarehe, nikazima usiku, asubuhi tarehe imepotea. Betri iliyokufa ndani ya chipu inayouzwa kama mpya.

Sasa hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nataka wasomaji wako nao wakielewe, kwamba kwenye hizi kompyuta neno orijino halimaanishi kitu kilichofungwa kwenye boksi jipya. Boksi jipya halipo tena. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. SGI ilifilisika mara mbili, mwaka 2006 na 2009, jina likachukuliwa na kampuni nyingine, na mwaka 2016 nayo ikanunuliwa na Hewlett Packard Enterprise. Digital ilimezwa na Compaq mwaka 1998 na Compaq ikaingia HP mwaka 2002. Hakuna kaunta ya kwenda kusema nipe spea ya SPARCstation. Spea orijino zilizobaki duniani zipo ndani ya mashine nyingine zilizokufa, au kwenye maghala ya watu waliozinunua wakati ofisi za Ulaya na Marekani zinazitupa, na nyingine zipo hapa hapa kwetu na hatujui kama tunazo.

Kuhusu ile ya maabara, nilirudi kwenye chipu yao ya zamani, nikaanza kuikwangua epoksi taratibu na kimashine kidogo cha kuchimbia, upande mmoja tu, mpaka nikafika kwenye zile nukta mbili za chuma za betri, nikaikata betri ya ndani isiguse tena, nikalehemu nyaya mbili nyembamba zikaenda kwenye kishikio cha betri ya CR2032, hii hii ya kawaida ya kwenye rimoti za gari. Halafu kwenye mashine, pale inapoandika ok, nikaingiza kwa amri ya mkp baiti moja moja, ziko 16, ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia, ukikosea moja mashine inakataa zote. Anwani za Sun za zile enzi zinaanza na 08 00 20, hizo nilizijua, zilizobaki nikazisoma kwenye stika kwa lenzi. Nikawasha. Programu ikafunguka. Yule dada alikaa kwenye kiti akashika kichwa kwa mikono miwili, hakusema kitu kwa muda. Wiki saba maabara ilikuwa imesimama, wanafunzi wa utafiti wanasubiri.

Lakini kinachoniuma sio hizo wiki saba. Siku ile ile natoka, mlinzi wa pale, mzee wangu wa makamo, tukawa tunapiga stori akaniambia fundi mbona mwaka juzi walitoa kompyuta kama hizo tatu kwenye mnada, zilipakiwa kwenye kirikuu pamoja na viti vilivyovunjika na mabati. Nikamuuliza kama hizo kabisa? Akasema bapa hivyo hivyo, zina alama ile ile. Ndugu Mhariri nilisimama pale getini nikakosa la kusema. Mashine tatu. Pawa saplai tatu, ramu, kadi, kibodi, na chipu tatu za namna ile ile ambazo hata kama betri zimekufa ningezifufua kwa jioni moja.

Nikaulizia waliozinunua, nikaambiwa wapo upande wa Tabata, nikaenda. Nilimkuta kijana anavunja vunja vitu chini ya turubai. Mbili zilishaondoka zamani, ya tatu mabaki yake yalikuwepo. Boksi lilishafunguliwa, mazabodi, yaani bodi kuu, imevunjwa katikati ili itoke haraka, ramu zimeng'olewa zimetupwa kwenye ndoo na mabodi ya simu kwa ajili ya ile dhahabu ya kwenye meno yake. Chini kabisa nikaona kipande cha bati kinachong'aa chenye vimistari vya miraba miraba, kijana anakitumia kuwekea spana zake. Dogo, hicho unajua ni nini? Mzee hicho ni bati tu. Kumbe kile ni kipedi cha mausi ya Sun ya zamani, mausi zile za taa ambazo hazisomi juu ya meza wala juu ya kitambaa, zinasoma juu ya kile kipedi chenye mistari peke yake, ukikipoteza mausi yako nzima inakuwa haina kazi. Nilimlipa elfu 15 kwa kipedi na pawa saplai ambayo ilikuwa bado ina stika yake, inaanza na 300, nzima, nimeipima nyumbani inatoa volti zote. Yule kijana hana kosa hata kidogo. Yeye amepewa chuma, amepima chuma.

Kosa lipo kwa sisi tunaoandika kwenye karatasi ya mnada "kompyuta mbovu, vipande 3" na basi. Hakuna aliyegeuza boksi akasoma namba. Wenzetu wa magari hawafanyi hivyo, nenda Ilala pale Shaurimoyo, gari ikipata ajali hakuna anayeipima kilo, inafunguliwa moja moja, taa hii, gia boksi hii, na kila muuzaji anajua hii inaingia kwenye ipi, na mtu akija anaulizwa pati namba. Kwanini kompyuta iliyonunuliwa kwa bei ya kujengea nyumba tuione kama bati?

Na kuzisoma sio kazi ngumu. Sun walipanga vizuri sana, kila kitu kina stika au maandishi: namba inayoanza na 501 ni bodi au ramu, 300 ni pawa saplai, 530 ni waya, 370 ni kitu kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili yao, halafu zinafuata tarakimu nne, halafu mbili za mwisho ni toleo. Ukiwa na hizo tarakimu saba za mwanzo huhitaji hata kujua kifaa kinafanya nini, fundi yeyote anayezijua hizi mashine utamsomea kwa simu atakwambia kinaingia wapi.

Mtu anaweza kusema si ununue kinachofanana. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela, na nimewaona. Ramu ya SPARCstation 5 ina pini 168, na ramu za PC za mwishoni mwa miaka ya 90 nazo zina pini 168, mtu anahesabu anaona sawa, analeta, sio kitu kimoja, na akijaribu kuishindilia anavunja soketi ambayo nayo haipatikani. Drevu ya sidii ya kawaida ya SCSI, ule mfumo wa zamani wa kuunganishia diski, inasoma kwa vipande vya baiti 2048, Sun ya zamani ikitaka kuwakia kwenye sidii inataka vipande vya 512, baadhi ya drevu za Toshiba na Plextor zinaweza, nyingine unaweka sidii inazunguka tu mpaka unachoka. Drevu ya flopi haina kitufe cha kutolea, diski inatoka kwa amri, sasa ukifunga ya PC kwenye lile boksi haina hata pa kubonyeza. Waya wa monita wenye kichwa cha 13W3, vile vipini vitatu vinene na vidogo kumi, wanao Sun na wanao SGI, kwa macho ni kile kile lakini ndani wameunganisha tofauti, na mteja wangu mmoja aliwahi kuniambia monita imekufa kumbe ni waya wa ndugu wa mbali.

Ila tusidanganyane pia, sio kila kitu kinafaa kuwa orijino. Mimi betri ya orijino ya mwaka 1996 sitaki hata kuiona. Kapasita ndio kabisa, zile ndogo za mviringo za zile enzi zinavuja, ukifungua mashine unasikia harufu kama ya samaki, na ule uchafu wake unakula njia za shaba kwenye bodi, hizo unatoa zote unaweka mpya za leo zenye volti na joto sawa au zaidi. Hadidiski za SCSI nazo zimechoka, siku hizi kuna vibodi vidogo kama BlueSCSI na SCSI2SD, unaweka kadi ya kumbukumbu kama ya simu na mashine inadhani ni hadidiski yake, kimya, haina joto, mteja wangu mmoja nimemfungia na analala usingizi. Kwa hiyo orijino natafuta pale ambapo hakuna mbadala, mazabodi, ramu, kadi, pawa saplai, soketi, kibodi, na ile plastiki ya nje ya SGI O2 ambayo ikizeeka inakatika kama biskuti. Vinavyochoka kwa umri naweka vipya.

Na kuna vitu vinahitaji mkono wa anayejua tangu wakati wa kufungua. SGI Octane, ya mwaka 1997, bodi zake zinaungana kwa vijispringi vidogo vidogo vya dhahabu, mamia, ukigusa kwa kidole tu umeharibu mgusano, ukilaza hiyo bodi kifudifudi mezani umeiua. Sasa fikiria inavyochomolewa na nyundo.

Ninachoomba kwa taasisi, vyuo, hospitali, viwanda na hata magazeti yenyewe, maana najua vyumba vya kuandalia kurasa vya zamani vilikuwa na mitambo ya namna hii, ni kwamba kabla ya kuziweka kompyuta za zamani kwenye mnada au kuzipakia kwenye kirikuu, mtu mmoja wa IT apewe nusu siku ageuze kila boksi, apige picha za stika, aandike namba kwenye karatasi. Mkiogopa siri za ofisi, hiyo ni haki yenu, toeni hadidiski mzivunje, mimi sizitaki, sijawahi kutaka hadidiski ya mtu. Lakini mkitoa hadidiski msivunje na vingine. Halafu kwenye tangazo la mnada wekeni hizo namba, na kompyuta muziuze fungu lake peke yake zisichanganywe na viti na mabati, taasisi yenyewe itapata hela zaidi ya kilo na mafundi tutajua kuna nini. Na kama ofisi bado ina moja inayofanya kazi na zingine mbovu za aina ile ile, tafadhali sana zisiuzwe kabisa, hizo mbovu ndio stoo yenu ya spea, ziwekeni pakavu, hata juu ya kabati.

Walimu wa VETA na vyuo vya ufundi nao nawaomba, vijana mnaotuletea mafunzo kazini wanajua kubadilisha skrini ya simu kwa dakika kumi, nawapongeza, lakini wengi hawajawahi kushika chipu yenye miguu ya kuchomoa wakaambiwa isome hii tarehe uniambie ya mwaka gani, au wakaonyeshwa chipu iliyopakwa rangi ikoje. Hilo somo ni la asubuhi moja, na litawasaidia hata kwenye kazi za kisasa kwa sababu chipu feki hazipo kwenye kompyuta za zamani peke yake.

Kuna watu wataona nalilia vitu vilivyopitwa na wakati. Mwaka 1990 kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi, Tim Berners-Lee alianzisha wavuti wa dunia, huu tunaosomea magazeti kwenye simu leo, kwenye wekisteshini moja ya kampuni ya NeXT. Mashine ile imetunzwa, watu wanaenda kuiangalia. Za kwetu hazikuanzisha wavuti, najua, lakini zilifanya kazi hapa nchini kabla wengi wetu hatujagusa kompyuta, na baadhi bado zinafanya, jana jioni tu nimetoka kuipangusa vumbi moja.

Kwa sasa ile ya maabara inawaka kila asubuhi. Kishikio cha betri nimekiweka pembeni kwa gundi, juu yake nimebandika karatasi yenye namba zote 16 na tarehe ya kubadilisha betri, na nakala nyingine ipo kwenye droo ya yule dada. Kilichobaki ni kibodi yao, Type 5, waya wake wenye kichwa cha mviringo cha pini nane umeanza kukatika shingoni na nimeshaufunga tepu mara mbili. Kama kuna ofisi yoyote, popote Tanzania, ina kibodi ya kijivu imeandikwa Sun chini ya meza huko, au boksi bapa lenye hilo jina, naomba msilipime kilo kwanza, andikeni kupitia ukurasa huu huu nitaona, gazeti lako nanunua kila siku.

Wako msomaji,
Fundi wa kompyuta, Kariakoo
Dar es Salaam